Ua Lililoinamisha Kichwa

Harufu iliyonirudisha utotoni haikuwa ya ua. Ingekuwa ya ua ningeshukuru. Ilikuwa harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende, vinavyotupwa kwenye masanduku ya nguo, na ilinipiga puani majuzi hapa kwangu Area D, Dodoma, pale Rahma, binti wa dada yangu Mwajuma, alipofungua begi la mama yake katikati ya sebule. Lilijaa vitambaa. Vya makochi, vya meza, hata cha kufunikia redio iliyokufa zamani. Vyote vilikuwa vyeupe, ingawa weupe wenyewe sasa umekuwa rangi ya chai ya maziwa, na vyote vimedariziwa waridi jekundu kwa mkono.

Rahma anaolewa. Alikuwa amekuja kuniomba nimshonee vitambaa vya kwake, kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye niliyebaki na sindano. Akachagua kitambaa kimoja, akakitandaza mapajani, akaweka kidole juu ya ua. "Mama mdogo, nataka hili hili. Usibadilishe kitu."

Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Jamani, msinicheke kwanza. Najua mtu mzima mwenye mvi zake hakasirikii ua. Lakini mimi na hilo waridi tunajuana tangu zamani, na hatujawahi kupatana.

Nilizaliwa kwenye vilima vya upande wa Kondoa, katika nyumba ya wakulima wa alizeti, mahindi na maboga. Mpaka naondoka pale kuja mjini sikuwa nimeona waridi kwa macho yangu, na nina hakika kijiji kizima hakuna aliyekuwa ameliona. Lakini mgeni akiingia ndani angedhani tunalima maua hayo. Waridi lilikuwa kwenye sinia, kwenye beseni la kunawia, kwenye pazia la mlangoni, kwenye godoro, kwenye chupa ya chai. Nje kulikuwa na vumbi, miiba na mbuzi wanaotafuna kila kitu hadi kamba za nguo. Ukivuka kizingiti, bustani tupu.

Bustani hiyo ilikuwa mali ya Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, aliyeishi nyumba ya pili kutoka kwetu, peke yake. Niliambiwa tu kwamba aliwahi kuolewa kijiji cha mbali na akarudi, na mtoto hakujaliwa, basi. Watoto wa wakati wetu hawakuuliza zaidi ya hapo, na aliyethubutu alitumwa kisimani. Mama Mkubwa ndiye aliyedarizi vitambaa vya kila bibi harusi pale kijijini. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye vidole vyembamba vilivyojaa alama za sindano, na alikuwa na msemo wake mmoja ambao mpaka leo nikiusikia kichwani nauma meno: "Kitambaa kina mgongo." Maana yake, mbele kila mtu anaweza kupendezesha, lakini ukigeuza nyuma ukakuta mafundo na nyuzi zinazoning'inia, huyo mshonaji ni mvivu na nyumba yake chafu.

Waridi lake alilitoa kwenye chupa ya chai. Nasema kweli. Alikuwa na chupa ya chai yenye ua kubwa ubavuni, akaizungushia karatasi nyepesi, akalifuata ua kwa penseli, kisha akawa analihamishia kwenye kitambaa kwa karatasi ya kaboni. Tatizo, upande wa kulia mshikio wa chupa ulikuwa umeliziba jani moja. Akachora alichokiona. Basi waridi la kijiji chetu likawa na jani moja tu, la kushoto, na bibi harusi baada ya bibi harusi akaenda kwa mumewe na ua la jani moja. Nilipomuuliza jani la pili liko wapi, alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini ng'ombe hana mkono. Akaniambia ndivyo lilivyo.

Nilianza kufundishwa kudarizi kabla sijaweza hata kusonga ugali mzito. Kila alasiri, wenzangu wakicheza rede, mimi niko barazani kwa Mama Mkubwa na fremu ya mbao mapajani, nikijaza petali za ua nisilolijua kwa uzi mwekundu. Nikimaliza petali moja, anakichukua kitambaa. Hatazami mbele. Anageuza nyuma, anapitisha kidole, anakutana na fundo, ananirudishia. "Fumua." Neno lenyewe hilo moja. Nikafumua, nikashona, nikafumua, mpaka uzi ukawa unaota manyoya na vidole vikanuka chuma. Siku nyingine nilifumua huku nalia, na machozi yakilowesha kitambaa anasema kitakunjamana. Loo, mama huyu! Nilikuwa naomba Mungu waje panya wale ile karatasi ya penseli, lakini panya wa kwetu walipenda mahindi.

Sasa, dada Mwajuma alipoposwa, mambo yakawa makubwa. Katika ukoo wetu kuna desturi: asubuhi ya kwanza baada ya harusi, chakula kinatoka kwa bibi harusi kwenda kwa mama mkwe kwenye sinia, na kitambaa cha kufunika sinia hiyo lazima kiwe kimeshonwa na mdogo wake. Ndicho salamu ya upande wetu. Wanawake wa kule wanakifunua, wanakitazama, ndipo wanakula. Mdogo wa Mwajuma ni mimi. Kwa mara ya kwanza maishani kitu changu kingetoka nje ya uzio wetu na kutazamwa na watu, na kingemsemea dada yangu niliyempenda kuliko wote nyumbani. Yeye ndiye alikuwa ananipaka mafuta vidole vilipochomwa.

Nikajiapiza sitapeleka ua la chupa ya chai.

Ulikuwa msimu wa kuvuna. Mashamba yetu yalikuwa yamejaa alizeti zilizokomaa, vichwa vizito vimeinama, shingo zimepinda, migongo ya kijani imegeuka njano. Ukipita katikati yake jioni unasikia majani makavu yakigusana, na harufu yake ni ya vumbi na mafuta kwa pamoja. Baba alikuwa anasimama mwisho wa shamba, mikono kiunoni, na furaha yake haijifichi. Aliniambia, "Linaloangalia juu bado halijajaa kitu. Likiinama hivi, mwanangu, ujue limeshiba."

Nikaona nimepata. Dada yangu anakwenda kuolewa kwa wakulima kama sisi, hivyo nitawapelekea ua lililoshiba. Nilichora mwenyewe kwa penseli, bila kaboni, nikiwa nimekaa shambani na ua lenyewe mbele yangu. Nikaomba uzi wa njano na wa kahawia kwa mama, naye akanipa bila kuuliza. Nikashona asubuhi kabla ya jua kali na mchana wengine wakiwa wamelala. Shingo iliyopinda ilinishinda mara kadhaa, lakini safari hii nilifumua mwenyewe bila kuambiwa, na sikulia hata kidogo. Nilishona mbegu moja moja. Nyuma nilihakikisha hakuna fundo, kumenyooka utadhani mbele. Nilipomaliza nilikiweka chini ya mto wa kulalia usiku, nikakilalia, na nikaota nacho.

Nilikipeleka kwa Mama Mkubwa nikiwa natabasamu peke yangu njiani. Mama yangu alikuwepo pale barazani, wanachambua mchele wa harusi. Mama Mkubwa akafuta mikono, akakipokea, akageuza nyuma kama kawaida yake. Akapitisha kidole kutoka pembe hadi pembe. Kidole hakikukwama popote. Nikashusha pumzi. Kisha akakigeuza mbele, na uso wake ukabadilika.

"Hili ni ua gani?"

Nikamwambia ni alizeti. Akauliza mbona limeinama. Nikamweleza kwa furaha yote, kwamba limeshiba, baba amesema, linaloangalia juu bado halijajaa kitu.

Hakunikemea. Afadhali angenikemea. Aliniuliza taratibu kabisa, "Likishainama, linafanywaje?"

Nilijua jibu. Kila mtoto wa kwetu anajua, maana tunashinda tukilifanya msimu mzima kwa mundu. Nikatafuta jibu lingine, nikalikosa. Nikamtazama mama yangu anisaidie, na mama akazidi kuinamia ungo wake.

"Linakatwa kichwa," nikasema.

"Fumua."

Nilikataa. Ndiyo mara pekee niliyowahi kumkatalia mtu mzima, na sikukataa kwa maneno, nilikaa tu chini nikakunja mikono. Nilitegemea kofi. Mama Mkubwa hakunigusa. Alichukua wembe, akakaa kwenye kigoda chake, akaanza kulifumua mwenyewe, mbegu moja moja, kwa uangalifu ule ule niliolishonea. Nyuzi za njano zikawa zinaanguka kwenye kanga yake. Nilitazama mpaka mwisho. Alipomaliza, kitambaa kilibaki na vitundu vidogo vidogo, na ukikiinua kwenye mwanga ulikuwa unaliona ua lote, limeinama vile vile. Akaweka karatasi yake ya kaboni juu yake. Waridi la jani moja alilishona yeye, na kitambaa kikaenda kwa jina langu.

Na mnajua kilichotokea kwa wakwe? Hakuna. Nilikuwepo, nilibeba mtungi nyuma ya waliobeba sinia. Mama mkwe wa dada yangu, mwanamke mnene mcheshi, alikinyanyua kitambaa kwa vidole viwili, akakitupia begani kwa mtu aliyekuwa karibu, akauliza pilau ina nyama ya kutosha au ni viazi tu. Wakala, wakacheka, wakatuombea dua. Kitambaa nilikikuta baadaye kimefutiwa mikono. Nilirudi nyumbani nikiwa na hamu ya kumuuma mtu.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kunung'unika. Kila harusi ya ukoo, mtu akitaja vitambaa, mimi naanza: kwamba niliwahi kushona ua zuri kuliko yote na likafumuliwa kwa sababu ya ushirikina, kwamba watu wanaokula alizeti, wanaouza alizeti, wanaopikia alizeti, wanaionea aibu alizeti, na badala yake wanaliheshimu ua la kwenye chupa. Ndugu zangu wamezoea, wakiniona navuta pumzi wanasema haya, alizeti hiyo imeanza. La kuudhi zaidi, nilipokuwa shuleni mwalimu wa stadi za kazi alituambia kila mtu achore ua alipendalo, nami nikaapa nitachora alizeti. Mkono ukachora waridi. Mwalimu akauliza jani la pili liko wapi. Nikamwambia ndivyo lilivyo.

Basi siku ile Rahma alipotandaza kitambaa chake sebuleni, nilianza tena. Mama yangu yupo nami hapa Dodoma tangu miguu imsumbue, na alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mlenda. Nilisema yote, na kwa kuwa Rahma alikuwa hajawahi kuyasikia hadi mwisho, niliongeza chumvi. Mama akanisikiliza mpaka nikafika pale kwenye wembe. Akaweka mlenda pembeni.

"Mama yako mkubwa alikwenda kwa mumewe na mashuka ya ua la boga," akasema.

Mama akaeleza kama mtu anayesimulia habari za mvua. Mama Mkubwa alipokuwa msichana hakuwa na chupa ya chai wala kaboni. Alishona alichokipenda, na alilipenda ua la boga kwa vile linavyofunguka alfajiri, kubwa, la njano, kama limewashwa. Alijaza mashuka yake yote ya harusi. Yalisifiwa kijijini, na siku vyombo vyake vilipopelekwa kwa wakwe yakatandazwa uani watu wayaone, na kule pia yakasifiwa. Miaka ikapita, mtoto hakuja. Hapo ndipo wakwe zake walipoyatazama mashuka upya. Ninyi mliolima mnajua, maua ya boga ni ya namna mbili. Lipo lenye kijiboga kidogo shingoni, hilo ndilo linalozaa. Na lipo lile la shingo tupu, linafunguka asubuhi na kufikia jioni limenyauka, limeanguka. Mama Mkubwa, msichana asiyewaza lolote zaidi ya uzuri, alikuwa ameshona yale ya shingo tupu, kitanda kizima. Mama mkwe wake akayakunja mbele ya wazee, akasema huyu alituambia mwenyewe siku aliyokuja, ni sisi tu hatukusoma. Wakamrudisha kwao na mashuka yake.

"Ndiyo maana akatafuta ua ambalo hakuna mtu analijua," mama akasema. "Waridi nani wa kwetu amelilima? Nani anajua linazaa au halizai, linainama lini, linakatwa lini? Halina wa kulisema."

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii naijua tangu darasa la pili, niliiandika kwa mwandiko mzuri nikapewa vema, na sikuwahi kuiona ikiwa imekaa mbele yangu kwenye kigoda na wembe mkononi. Nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Akarudi kwenye mlenda wake. Eti sikuwahi kuuliza, nilikuwa nanung'unika tu.

Mnaona mtu anavyoweza kukosa pa kupeleka hasira? Nilikuwa nimeitunza vizuri, ina jina na ina nyumba, na sasa mwenye nyumba siye. Wale waliostahili kukasirikiwa wamekufa zamani, wamezikwa kwenye kijiji ambacho sijawahi kufika. Mtoto yule aliyekunja mikono barazani aliamini ua lake limedharauliwa. Lilikuwa limeogopwa. Mama Mkubwa aliona akilini alizeti ile imefika kwa wakwe, imelala pale miaka ikisubiri siku dada Mwajuma atakapokosa kitu, chochote, ndipo mtu ainyanyue na kuisoma. Alikuwa anamkinga Mwajuma kwa chombo pekee alichokuwa nacho, karatasi ya kaboni. Na bado, nasema wazi, imeniuma. Kuelewa hakujanirudishia ua langu.

Rahma nilimshonea waridi lake. Nilijaribu kumwekea jani la kulia, akakataa katakata, akasema ua la kwetu lina jani moja. Nikaacha.

Kisha nikanunua shuka jeupe, uzi wa njano, na nikashona ua la boga. Nilisumbuka sana na shingo. Nikiweka kijiboga, nitakuwa namkumbusha alichokosa. Nisipoweka, nitakuwa nimerudia maneno ya mama mkwe wake. Mwishowe nililiacha shingo tupu, kama alivyolishona yeye akiwa msichana, kwa sababu asubuhi shambani ndilo linalopendeza kuliko yote, na halijamkosea mtu. Nikapanda gari kwenda Kondoa.

Mama Mkubwa amezeeka, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanitambua kwa sauti, akauliza habari za miguu ya mama. Sikumwambia kitu. Nilimwekea tu shuka mapajani, upande wa ua juu.

Vidole vyake vikaanza kutembea. Vikaifuata petali ya kwanza, ya pili, vikateremka hadi shingoni. Hapo vikasimama. Vikatafuta huku na huku, kama mtu anayetafuta swichi gizani, na havikukuta kitu. Akakaa na mkono wake pale kwa muda mrefu. Midomo ilikuwa inacheza, nami nikajua amejua kwamba najua. Nikaona nimefanya makosa makubwa, nikataka kulichukua.

Akaligeuza shuka nyuma. Akapitisha kidole. Kikakwama, na kweli, nilikuwa nimefunga uzi kwa haraka pale mwishoni.

"Fundo hili hapa," akasema. "Na hili. Fumua."

Damu ikanichemka, wallahi. Safari yote ile, na mvi zangu kichwani! Nikafungua mdomo nijibu, naye akanitangulia.

"Fumua, halafu ulishone tena. Hili hili."

Nikaomba wembe.